Dawa ya Maumivu Itolewe Safari Inapoanza

Mtoto wa miaka saba akianguka mwembeni Kimamba, wilayani Kilosa, na kuvunjika paja, huenda akapita mikono minne kabla mfupa haujanyooshwa. Ataanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa. Ikibidi amwone bingwa wa mifupa, atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya Rudewa na Dumila. Ikishindikana hapo, ni Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa MOI. Wa upande wa kusini wa wilaya huenda Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa. Treni ya umeme inapita Kilosa tangu 2024, lakini mtoto aliyevunjika paja hasafiri kwa treni. Atapakatwa kwenye bodaboda, atalazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, au atapata gari la wagonjwa kama halijatoka na mgonjwa mwingine.

Kila kituo kwenye mnyororo huu kina kazi yake inayojulikana: huyu anaandika rufaa, yule anapiga picha, mwingine anafunga plasta. Kutuliza maumivu ndiyo kazi isiyo na mwenyewe. Wa kwanza hudhani watampa huko mbele. Wa mwisho humkuta mtoto amechoka kulia, kalala, akadhani yamepungua. Ukisikia watu wakilijadili suala hili, mazungumzo huishia haraka kwenye uhaba wa mofini. Uhaba upo, na nitaufikia. Ila naona tatizo kubwa zaidi liko kwingine. Huduma zetu za dharura zimepangwa kumfikisha mtoto kwenye tiba, hazikupangwa kumtuliza akiwa njiani, na saa zenye maumivu makali kuliko zote ni zile za njiani.

Dharau hii si ya Kilosa wala ya Tanzania peke yake, na haikuanzia kwenye umaskini. Mwaka 1985, Washington nchini Marekani, mtoto njiti aitwaye Jeffrey Lawson alipasuliwa kifua ili kufungwa mshipa karibu na moyo. Alipewa dawa ya kulegeza misuli asitikisike, wala hakupewa ya kuzuia maumivu. Alifariki wiki chache baadaye. Mama yake, Jill Lawson, alipofuatilia aliambiwa kuwa watoto wachanga hawahisi maumivu kama wakubwa, na kwamba huo ulikuwa utaratibu wa kawaida. Hakunyamaza, na barua zake ziliwafanya watu wengi nje ya hospitali wajue kilichokuwa kikifanyika vyumba vya upasuaji. Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo bila dawa kali ya maumivu walitoa homoni nyingi zaidi za mshtuko na kupata matatizo zaidi kuliko waliopewa. Mwaka 1990, Steven Selbst na Mark Clark walipekua majalada ya wagonjwa wa dharura Marekani, wakakuta watoto walikuwa wakipewa dawa za maumivu mara chache sana kuliko watu wazima wenye majeraha yaleyale. Hospitali hizo hazikuwa na uhaba wa dawa. Kabati lilikuwa limejaa, na bado mtoto aliondoka bila kitu.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine tunayoibeba wenyewe. Mtoto wa kiume hufundishwa mapema kuwa kulia ni aibu. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza kuishi na Wakaguru wa wilaya ya Kilosa miaka ya 1950, alikiandikia kitabu kizima jando na unyago wao, nacho kilitoka mwaka 1997. Kwenye jando ujasiri una heshima yake, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ujasiri huo kuhamishiwa chumba cha sindano, ambako "jikaze, wewe si mwanaume?" hutumika badala ya ganzi. Mvulana wa Kikaguru au wa Kimasai aliyekauka uso akitazama dari huku kidonda kikisafishwa anaweza kuwa na maumivu sawa na binti anayepiga mayowe kitanda cha pili. Muuguzi anayepima kwa sauti atamhudumia binti na kumpita mvulana.

Kwa hiyo kuna vipimo, na uzuri ni kuwa havihitaji umeme wala maabara. Kwa mtoto asiyeweza kujieleza, kuanzia miezi miwili hadi miaka saba hivi, kipimo kinachotumika sana ni kile kilichotungwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1997. Unatazama mambo matano: uso, miguu, mwenendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa sifuri, moja au mbili, na jumla ni kumi. Hilo la mwisho ndilo mama zetu walilolijua siku zote, kwamba mtoto mwenye njaa hunyamaza akinyonya na mwenye usingizi hunyamaza akibebwa, lakini mwenye mfupa uliovunjika habembelezeki. Mtoto wa miaka minne na kuendelea anaweza kuonyeshwa picha za nyuso. Picha za Donna Wong na Connie Baker, zilizotoka Oklahoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndizo zimetapakaa zaidi kwenye kuta za hospitali, lakini zina kasoro: uso wa kwanza unacheka na wa mwisho unatokwa machozi. Mtoto aliyefundishwa kutolia hatachagua machozi, na anayetaka kumridhisha daktari atachagua kicheko. Nyuso zilizorekebishwa mwaka 2001 hazina kicheko wala machozi, na kwa mazingira yetu ningezichagua hizo. Kuanzia miaka minane mtoto anaweza kutaja namba kati ya sifuri na kumi. Mahali pasipo na karatasi, vidole vitano vya mkono vinatosha. Watoa tiba shufaa wa Afrika wamevitumia kwa miaka mingi.

Vipimo hivi vina mtego mmoja ambao kila anayefundisha huduma ya dharura anapaswa kuurudia. Mtoto aliyepoteza damu nyingi, mwenye utapiamlo mkali au aliyepoteza nguvu kabisa hulala kimya. Alama zake zitakuwa ndogo, na ndiye yuko hatarini zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga watoto kwa uharaka umeweka maumivu makali kwenye dalili za kipaumbele, pamoja na majeraha ya moto, sumu, kuishiwa damu na utapiamlo. Maana yake, mtoto mwenye maumivu makali hapaswi kusubiri foleni ya mapokezi hata kama hana homa. Idara ya Tiba ya Dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa Januari 2010, ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Baadaye fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 ziliinua majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Majengo ni hatua kubwa. Lakini jengo huanza kufanya kazi mtoto akishaliingia, nami nazungumzia saa nne au tano kabla ya hapo.

Saa hizo huanzia nyumbani. Majeraha ya moto ndiyo mfano mzuri kuliko yote: uji uliomwagika, chai, sufuria la maji kwenye mafiga. Dawa ya kwanza ya maumivu ya mtoto aliyeungua ni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na yana faida hata kama saa mbili au tatu zimepita. Hupunguza maumivu na hupunguza kina cha jeraha. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume: dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya taa. Vyote hivyo vitakwanguliwa hospitalini, na kukwanguliwa ni maumivu ya pili. Baada ya maji, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, kwa kuwa hata hewa ikipita juu ya malengelenge yaliyopasuka inauma. Mtoto mdogo asiachwe apigwe na baridi. Lipoeshwe jeraha, mwili wake ufunikwe.

Kwa mfupa, tiba ya aina hiyohiyo ni gango. Vibao viwili na khanga iliyochanwa, vikifungwa kupita kiungo cha juu na cha chini ya pavunjikapo, hufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu ya mvunjiko ni ncha mbili za mfupa kusuguana kila gari linapoingia shimoni. Waganga wa mifupa wa vijijini wanalijua hili vyema, ingawa baadhi yao hukaza mno hadi damu ikashindwa kupita na vidole vikapoa. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufundishwa kufunga gango asubuhi moja, na kwa watoto wanaoanguka miembeni sioni mafunzo yenye faida zaidi.

Sasa dawa. Parasetamoli na aibuprofeni hudharauliwa kwa sababu ni za duka la dawa muhimu, zinanunuliwa bila cheti. Zinadharauliwa pia kwa sababu hutolewa pungufu. Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita tano, hivyo anahitaji mililita saba na nusu. Akipewa kijiko kimoja cha chai, kama wengi wanavyofanya, amepata theluthi mbili tu, na mama atasema dawa haikusaidia. Aibuprofeni hutolewa miligramu tano hadi 10 kwa kilo kwa mtoto aliyepita miezi mitatu, asiwe amepungukiwa maji wala kuwa na tatizo la figo. Zikitolewa zote mbili kwa wakati mmoja zinasaidiana, na kwa mkono uliovunjika zinaweza kumtosha mtoto kabisa. Uzito usikisiwe kwa macho. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana kadi ya kliniki, na uzito wake wa mwezi uliopita umeandikwa humo.

Kuna desturi moja ambayo ningependa tuachane nayo, nayo ni sindano ya diklofenaki ya matakoni kwa kila mtoto anayelia. Wazazi huiamini kwa kuwa ni sindano, na mhudumu huipenda kwa kuwa mzazi ameridhika. Lakini iko kundi moja na aibuprofeni, yenyewe inauma, na kwa mtoto aliyeharisha au kutapika siku mbili inaweza kuumiza figo. Aspirini nayo haifai watoto wa chini ya miaka 16 kwa sababu ya ugonjwa wa nadra unaoharibu ini na ubongo. Kodeini na tramadoli nazo zimewekewa mipaka. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliiondoa kodeini kwenye ngazi yake ya dawa za maumivu ya watoto na kubakiza hatua mbili: parasetamoli na aibuprofeni, kisha mofini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kodeini na tramadoli kutumika kutibu maumivu ya watoto wa chini ya miaka 12. Kodeini hugeuzwa kuwa mofini ndani ya ini, na kasi ya kugeuzwa hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Kuna watoto isiowafaa kitu, na kuna wanaopata mofini nyingi kwa mkupuo hadi pumzi ikakatika. Wenye kasi hiyo kubwa ni wengi Ethiopia na kaskazini mwa Afrika kuliko Ulaya, kwa hiyo onyo hili linatuhusu.

Hatua ya pili ndiyo yenye ubishi, na kabla ya mofini kuna dawa nyingine kali inayostahili kutajwa. Ketamini ipo karibu kila hospitali ya wilaya inayofanya upasuaji, kwa kuwa hutumika kwa akina mama wanaozaa kwa kisu mahali pasipo na mashine ya usingizi. Imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na China ilipotaka iwekwe chini ya udhibiti mkali wa kimataifa miaka kumi hivi iliyopita, wataalamu wa shirika hilo walikataa, wakijua vyumba vingi vya upasuaji Afrika vingefungwa. Haizimi pumzi kirahisi kama mofini na haishushi presha. Kwa kipimo kidogo, miligramu moja kwa kilo ikidondoshwa puani kwa bomba lisilo na sindano, hutuliza mvunjiko ndani ya dakika kumi hivi bila kumlaza mtoto. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2015 uliilinganisha na fentanili ya puani na kukuta nafuu inayofanana. Kwa kipimo kikubwa humlaza mtoto ili mfupa unyooshwe au jeraha la moto lisafishwe, na hapo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni njia ya hewa tu, akiwa na kipimo cha oksijeni kidoleni mwa mtoto na mfuko wa kupulizia pembeni. Huu ndio mstari ninaoona ukivukwa kwa pande zote mbili: kuna wanaoitumia bila mtu wa njia ya hewa, na kuna wanaoifungia chumba cha upasuaji huku mtoto akibanwa na watu wanne chumba cha pili.

Mofini ina simulizi refu zaidi. Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilipiga hesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za kundi hilo zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini hupata tani 0.1. Ikasema pia kuwa mofini ya kuwatosha watoto wote wenye mateso makali katika nchi hizo, kwa bei nafuu ya soko, ingegharimu kama dola milioni moja kwa mwaka. Pesa hiyo ni ndogo. Kinachozuia ni hofu na sheria. Uganda ilionyesha njia: Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa huko mwaka 1993, mofini ya unga ikachanganywa na maji, na mwaka 2004 serikali ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Kwetu, kwa miaka mingi mofini ya maji ilihusishwa na Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ndiyo maana wengi wanaiona kama dawa ya mgonjwa wa saratani anayekaribia kufa. Ikifika wilayani hukaa kwenye kabati la dawa zenye udhibiti mkali (DDA), lenye kufuli na daftari. Mwenye funguo akiwa nyumbani usiku, dawa haipo, hata kama chupa imejaa. Kipimo cha kuanzia cha mdomo kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, miligramu 0.2 kwa kilo, akiangaliwa pumzi na kuwepo naloksoni ya kuipinga, ni salama kuliko wengi wanavyodhani. Nafuu kuliko zote, na isiyohitaji kufuli, ni ganzi: lignokaini ikichomwa karibu na mshipa wa fahamu wa paja humfanya mtoto aliyevunjika paja asafiri ametulia. Tabibu anaweza kufundishwa kuitoa.

Kundi moja la watoto linastahili kuzungumziwa peke yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, zaidi ya 11,000 kwa mwaka kwa makadirio. Mtoto wa selimundu hakuanguka popote na hana jeraha la kuonyesha. Mara nyingi maumivu ya kwanza huja kabla ya miaka miwili, vidole vya mikono na miguu vikivimba bila sababu inayoonekana, na familia nyingi huanza na malaria, kisha mganga. Anapokua hufika hospitalini mara kwa mara, na hapo huzuka jambo baya: anazoeleka. Mhudumu anamjua jina, anajua atalia, anamwambia asubiri. Mwongozo wa chama cha madaktari wa damu wa Marekani wa mwaka 2020 unataka dawa ya kwanza itolewe ndani ya saa moja ya kufika na maumivu yapimwe upya kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Uingereza wanataka nusu saa. Kwa mtoto wa Kimamba, saa hiyo iliisha kabla hajafika Kilosa, na kwa hiyo naona familia yake ipewe mpango ulioandikwa pamoja na dawa za hatua ya kwanza za kukaa nazo nyumbani.

Nyoka nao wanageuza kanuni. Kwenye mashamba ya mkonge na majaruba, mtoto aliyeumwa na kifutu ana maumivu makali na uvimbe unaopanda kwa saa. Asipewe aibuprofeni, diklofenaki wala sindano ya nyama, kwa sababu sumu inaweza kuharibu kuganda kwa damu. Parasetamoli, kiungo kutulizwa kwa gango lisilobana, na mofini ikiwepo.

Kwa upande wa safari, nchi tayari ina mfano. Mfumo wa m-mama, kwa namba ya bure 115, humtafutia mjamzito, mzazi na mtoto mchanga gari la rufaa, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Mtoto wa miaka saba hayumo. Vilevile msamaha wa gharama za matibabu humlinda aliye chini ya miaka mitano, na umri wa kupanda miembe, kuchota maji ya moto na kuchunga ng'ombe huanza pale msamaha unapoishia. Halmashauri haiwezi kubadili sera ya taifa, lakini inaweza kuamua kwamba hakuna mtoto mwenye mvunjiko au jeraha la moto anayepandishwa gari kabla hajapewa dawa na jeraha halijafungwa. Dakika 20 za kusubiri aibuprofeni ianze kufanya kazi hazimcheleweshi mtoto ambaye hana tatizo la pumzi wala damu.

Na iandikwe. Barua ya rufaa isiposema dawa ipi imetolewa, daktari wa Morogoro anabaki na njia mbili mbaya. Anaweza kurudia parasetamoli baada ya saa mbili, na wa tatu akairudia tena, hadi ini la mtoto likapokea zaidi ya miligramu 60 kwa kilo ndani ya siku moja. Au anaweza kuogopa hilo na kumwacha bila kitu hadi asubuhi. Jina la dawa, miligramu, saa iliyotolewa, na alama ya maumivu kabla na baada: muuguzi wa zamu anaweza kuyaandika yote hayo wakati dereva anatafuta funguo.